Radhi ya Mwalimu Omari Ndani ya CD

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana nikishaanza sitaki utani. Mimi si muntu wa kuamini mizimu. Nina studio ya picha na video hapa Kindu tangu wakati wa vita, na mizimu niliyoijua ilikuwa ya filamu tu. Lakini hili lilinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, akili zangu zikiwa timamu.

Mwaka mmoja wa vita alikuja kwangu Mwalimu Omari, mkaaji wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Mkewe alikuwa amefariki, amemwachia binti wa miaka miwili, Mwamini. Alikuwa anakwenda Kibombo kwa miguu kutafuta mchele, na njia ile siku zile, wewe acha tu. Akaniomba nimrekodi akitoa radhi ya ndoa ya binti yake. Unajua kwetu: binti hatoki nyumbani mpaka baba asimame mbele ya watu aseme yuko radhi. "Kama sirudi," aliniambia, "siku yake ikifika, anisikie."

Nikamrekodi kwenye kaseti ya video, kisha nikaichoma kwenye CD. Juu yake nikabandika karatasi kwa gundi, nikaandika jina kwa kalamu ya biki, tena nikikandamiza. Nilijiona fundi kwelikweli. Nikamwambia hii CD itaishi kuliko sisi wote. Dada yake, Mama Zaina, akaifungia sandukuni. Omari akaenda, hakurudi tena. Na mimi, Mungu anisamehe, kaseti zilikuwa za shida wakati ule. Nikarekodi harusi ya watu wengine juu ya ile yake. Sikumwambia mtu yeyote.

Mwaka jana Mwamini akaniletea ile CD. Ndoa yake ilikuwa Jumamosi. Hana hata picha moja ya baba yake, sauti yake haikumbuki, na radhi yake iko humo tu. Niliigeuza juani, mwanga ukapenya palepale nilipoandika jina. Je, unajua kwa nini? CD ya muziki kutoka kiwandani hupigwa chapa. Hizi tunazochoma wenyewe zinashika maneno kwenye rangi nyembamba, chini kidogo ya uso wa juu, palepale nilipopaka gundi na kukandamiza biki yangu; gundi ikaila, biki ikaikwaruza. Nyingine hukaa miaka mingi, nyingine hufa mapema, na kwa macho huwezi kujua ni ipi. Niliijaribu kwenye mashine tatu, zote zikaikataa. Nilikosa uso wa kumwambia mutoto wa watu ukweli, nikamwambia arudi Ijumaa.

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa peke yangu, ile CD iko mezani. Mwanaume akaingia, akasalimu vizuri, akavuta kiti. Nikainua macho. Ndugu yangu, nywele zilinisimama. Alikuwa Omari, shati lilelile, hajazeeka hata siku moja.

Alishika CD, akaitazama sana, akairudisha.

"Ulisema itaishi kuliko sisi," akasema. "Na kaseti yangu ulirekodi juu yake."

Niambie, nani alimwambia? Hata mke wangu hajui neno lile. Nilianza kuomba msamaha. Akanyoosha mkono tu ninyamaze.

"Shika simu yako. Nitarudilia maneno yangu mara moja, urekodi."

Nikafungua kamera ya simu, nikamwelekezea. Kwa macho yangu namwona pale kitini. Kwenye simu naona pazia tu na kiti kitupu. Lakini sauti ilikuwa inaingia. Alisema polepole, kama mwalimu anayesomesha imla. Alipomaliza aliniaga, akatoka mlangoni kama muntu yeyote. Nilipopata nguvu ya kuchungulia nje, njia ilikuwa tupu huku na huku.

Ijumaa nilimdanganya Mwamini. Nikasema picha zimekufa, sauti nimeiokoa. Alilia kwa furaha, akanishika mikono. Niliona haya kama mwizi.

Jumamosi wakaiweka sauti mbele ya watu. Mama Zaina alisikia neno la kwanza tu, akakaa chini, akasema huyu njo kaka yangu, ndiye yeye. Mara ndani ya sauti ikapita pikipiki, na honi. Wakati wa vita ni nani alikuwa na pikipiki mtaani kwangu? Ile ilipita Alhamisi, nje ya studio. Halafu Omari akasema: "Mwamini mutoto wangu, mimi baba yako niko radhi. Saidi, nakukabizi mutoto wangu. Umutunze."

Bwana harusi akasimama wima. Saidi huyo, siku Omari anaondoka, alikuwa bado anatambaa huko Kibombo, na watu wa Alunguli hawakumjua wala yeye wala wazazi wake.

Nilikuwa natafuta mlango. Mwamini akaniwahi, na vazi lake la harusi, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Papa, nani alimuambia baba jina ya Saidi?"

Nilitoka bila kugeuka. Mpaka leo tukikutana sokoni ananiamkia kwa heshima, anasimama kidogo, anangoja jibu. CD sichomi tena, na kiti kile nimekitoa.

Kwa hiyo wewe mwenye sauti ya mzazi wako kwenye CD moja, imefungiwa mahali, itoe leo hii. Iweke pawili, iweke patatu, uifungue kila mwaka usikilize kama bado ni nzima. Usingoje mwenyewe aje kuirudilia.