Fotei za Majirani Mbele ya Jaji

Bibiane anauza unga wa mahindi katika soko la Kikula. Kwa miaka mitatu amemlea binti yake Shekina peke yake, katika nyumba ya vyumba viwili. Baba wa mtoto, Arsène, anaendesha lori la mgodi huko Kakanda, na ana mke mwingine. Shekina alipofikisha miaka minane, ukoo wa Arsène uliamua kwamba sasa arudi kwa baba, kana kwamba ni koti lililosahauliwa kwa watu. Bibiane alikataa. Arsène akaenda mahakama ya watoto, hapa Likasi.

Jaji, mwanamke wa maneno machache, aliwasikiliza wote wawili, kisha akasema atamtuma mfanyakazi wa jamii azitembelee nyumba zote mbili kabla ya kuamua.

Mtaani kwetu mgeni wa heshima haketi kwenye bidoni, yaani dumu la maji. Akija, majirani hutoa viti vyao, na hakuna anayeuliza maswali. Basi asubuhi ya ziara Mama Carmen alileta fotei mbili, viti vyake vya mito, Mama Glody akaleta zulia, na Carlos, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, akaleta televisheni yake.

Mfanyakazi wa jamii, Madame Philomène, aliketi, akafungua daftari.

"Muko na fotei ya muzuri," alimwambia Shekina.

"Iko ya Mama Carmen," mtoto akajibu kwa furaha. "Tapi iko ya Mama Glody. Yetu ni ile bidoni."

Bibiane alitazama chini. Hapo hapo Carlos akaingia.

"Mama Shekina, samahani. Mechi inaanza, na bateja banangoja. Nakuya kutwala televizio."

"Twala, Carlos," Bibiane alisema polepole. "Twala na roho yangu."

Madame Philomène akaandika.

Siku ya hukumu Bibiane aliingia mahakamani akiamini amekwisha kumpoteza mtoto. Alikuwa amedanganya, na ushahidi ulikuwa daftarini.

"Mama, kwa nini ulijaza nyumba vitu vya watu?" jaji aliuliza.

"Mama Juge, Arsène iko na nyumba ya simenti, iko na kura ya kuwasha taa. Minye nilifikiri munapima nyumba."

"Tunapima maisha ya mtoto."

Kisha jaji akasoma ripoti. Siku ile Madame Philomène alizifuata zile fotei mlango kwa mlango. Mama Carmen alijua ni dawa gani ya malaria inayomtapisha Shekina. Mama Glody ndiye aliyempokea akitoka shule, soko likichelewa kufungwa. Kwa Carlos alikuta daftari la hesabu la Shekina, kwa sababu kila jioni mtoto hufanya kazi zake za shule kwenye taa ya kinyozi, mama yake akiwa kando. Huko Kakanda nyumba ilikuwa nzuri kweli, lakini Arsène hukaa kambini wiki mbili bila kurudi, na mke wake alikiri kwamba hajawahi kulala nyumba moja na Shekina. Naye Shekina, peke yake na jaji ofisini, alisema anawapenda wote wawili ila anataka kulala kwa mama.

"Mutoto ni wa ukoo," kaka mkubwa wa Arsène alinung'unika kutoka benchi la nyuma.

"Ukoo hauamshi mtoto kwenda shule," jaji akajibu.

Desturi isiyomuuliza mtoto analala wapi si desturi, ni nguvu za wakubwa tu. Na siku ile, angalau kwa mara moja, sheria ilimuuliza. Shekina atabaki kwa mama. Likizo kubwa, na Jumamosi moja kila mwezi, ni za baba.

Nje, Arsène alimkaribia Bibiane.

"Hata televizio ya kinyozi, Bibiane?"

"Weye ungenikopesha yako."

Arsène alicheka, ingawa hakutaka. "Basi Jumamosi ya kwanza nakuya kumutwala."

"Kuya asubui. Atakuwa amesha kuvaa."

Shekina, aliyesimama kati yao, aliuliza kama anaweza kwenda Kakanda na rafiki. Wazazi wake, kwa mara ya kwanza siku ile, wakajibu kwa pamoja, "Hapana," na Bibiane akaketi kwenye ngazi za mahakama, akacheka hadi machozi.