Makuru Siyo Mzee Chupa

Sisi tuliokulia kijijini Mugeta kabla simu hazijaingia mifukoni tulimjua mwigizaji kabla ya kuijua televisheni. Alikuwa Makuru, jirani yangu, tukichunga pamoja. Kila mwenye ng'ombe kwetu alikuwa na mwito wake, na mifugo ilimfuata yeye tu. Makuru aliziiga sauti zote. Jioni moja aliita kwa sauti ya mzee mmoja mkali, na ng'ombe kumi na wawili wakaacha malisho wakamfuata hadi kwa mama yake. Yule mzee alikuja mbio na fimbo mkononi: "Mama Makuru, huyu mtoto wako ananiibiaga ng'ombe kwa mdomo!" Mama alituchapa wote wawili huku kajiziba uso kwa khanga, kumbe anacheka. Tukala viboko, tukala na ugali wa mtama kwa maziwa ya mgando, tukalala. Mtoto wa leo ukimnyang'anya simu nusu saa anasusa chakula.

Sekondari tulisoma Musoma, tukikaa Mwisenge kwa shangazi yake, ambako tulikula furu wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, mpaka tukazoea miba. Huko Makuru aliingia kikundi cha maigizo. Akawa nesi, akawa hakimu, akawa hata bibi harusi, maana wasichana walikatazwa na wazazi wao. Pasaka moja tulialikwa Butiama, naye akapewa nafasi ya Pilato. Alihukumu na kunawa mikono bila huruma, kiasi kwamba mama mmoja wa hapo hapo Mwitongo, aliyekuwa akitugawia uji, alimruka, asimpe kikombe chake. "Wewe nenda kanawe vizuri kwanza," akamwambia.

Mchezo ulipoisha, kila mwigizaji alivua maleba, akasimama mbele na kutaja jina lake, la baba yake na kijiji chake. Wazee ndio waliodai hivyo. Walitaka kujua huyu aliyewaliza ni mtoto wa nani, na makofi yalisubiri mpaka wajue.

Baadaye Makuru alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi hiyo maisha yake yote, jukwaani, redioni na kwenye filamu. Amekuwa mfalme, mchungaji, kipofu. Nilimwona pale Bunda akiigiza baba aliyefiwa na mwanawe, na mimi niliyeoga naye mtoni nililia kama simjui. Halafu uzeeni akaigiza mlevi mmoja, dakika chache tu, jina lake Mzee Chupa. Kipande hicho kikasambaa kwenye simu, na hayo mengine yote yakafutika. Nasema kwa uchungu: yakafutika! Akija kututembelea, vijana wa bodaboda Mwisenge wanampigia honi, "Mzee Chupa, leo hujanywaga?" Mtu ambaye hajawahi hata kuonja pombe.

Mwaka huu akaitwa Musoma kupewa cheti cha heshima. Alipiga pasi suti yake mwenyewe, akaniomba nimsindikize.

"Ndugu yangu," aliniambia njiani, "leo watanitaja nyumbani kwetu."

Mlangoni kijana wa kamati akamletea koti lililochanika na chupa tupu, avae ili watu wafurahi. Makuru alikataa kwa upole. Mimi sikuwa na upole wowote. Nilimwuliza yule kijana kama angemvisha baba yake matambara mbele ya watu, akanitazama kana kwamba nimezungumza Kichina.

Wakamwita jukwaani: "Mzee Chupaaa!" Cheti nacho kilikuwa kimeandikwa hivyo hivyo, kwa herufi za dhahabu. Makuru alivaa miwani, akakisoma, akamrudishia mshereheshaji.

"Huyu hajafika," alisema. "Akija mpeni."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walidhani anaigiza! Alishuka ngazi polepole akishikilia ukuta, na wao wakanyanyua simu kumrekodi. Nilipiga kelele kwamba huyu ni Makuru, mtoto wa Mugeta, lakini nani anisikie?

Wale wazee wetu wengi wao hawakujua kusoma, ila waliuliza jina la mtu kabla ya kumpigia makofi. Hawa wana vyeti mpaka vya chuo kikuu, na barua ya mwaliko waliiandika wao wenyewe kwa jina lake kamili. Asubuhi yake nikaletewa kipande kipya kwenye simu, rafiki yangu anashuka ngazi, na chini yake wameandika: Mzee Chupa kavunja watu mbavu.