Taa Zinazolala Nje Juma Zima

Jirani yetu fundi wa taa tunamwita Papa Kesho, kwa sababu hakuna aliyewahi kupokea taa siku ileile aliyoifuata. Huchambua betri za kompyuta zilizotupwa, akizipapasa moja moja kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta homa, kisha huziunganisha na taa za LED kwa ajili ya nyumba ambazo umeme hukatika. Kila taa mpya huwaka kwanza juma zima uani kwake, juu ya jiwe la volkeno, naye huigusa kila apitapo.

Alasiri moja Mama Uwingabire, anayeishi katika nyumba ya mbao, alikuja na pazia lililoungua pembe kwa moto wa mshumaa.

“Papa, buji imechoma hii karibu na kitanda ya mutoto. Na leo utaniambia kesho?”

“Taa yako iko na siku mbili tu juu ya jiwe, Mama. Kama iko na akili ya kuungua, iungue kwangu.”

“Kwako ni mawe! Kwangu ni mbao!”

“Ndiyo maana.”

Fundi alilitazama pazia, akajifuta mikono kwenye suruali. Kisha alipanda kigoda, akaifungua taa pekee ya jikoni kwake, iliyowaka miaka miwili bila hata kupata joto, akamkabidhi pamoja na waya wake. Mama alipoondoka, fundi alivuta beseni la viazi hadi mlangoni, palipobaki mwanga, akamenya mpaka kiazi cha mwisho.