Kihispania cha Kutulizia Ng'ombe

"Si umwache mama mdogo wa mtoto atafsiri!" binti yangu alimfokea mdogo wake. "Yule anakijua Kihispania na Kiswahili. Wewe sema lako, yeye amfikishie mtoto, yaishe."

"Hayataisha," mwanangu akajibu bila kuinua uso kwenye shati. "Lile swali mtoto aliniuliza mimi. Hakumuuliza mama mdogo wake."

"Na ulimjibu nini? Si ulikaa kimya kama gogo?"

Pasi ikasimama palepale. Nikasikia harufu ya kitambaa kinachotaka kuungua. Nikawaambia, "Gombaneni mpaka mchoke, lakini shati la watu liokoeni kwanza."

Hayo yalikuwa mchana, kwenye kibanda chetu cha dobi, tukimngoja mjukuu wangu anayeitwa Kifungo. Mama mdogo wake, anayeishi naye ng'ambo, alikuwa anamleta kututembelea, na alikwisha kusema wazi: mtoto akimkubali baba yake, atabaki. Akimkataa, watarudi wote wawili huko walikotoka, na tusimsumbue tena kwa simu.

Mwanangu huyu ni dobi wa kweli, si wa kubahatisha. Aliwahi kunyoosha suruali moja, mstari wake ukamkata mwenye suruali kidole alipokuwa anaivaa. Mnabisha? Kidole chenyewe nilikifunga mimi. Na Kifungo alipata jina lake hapo hapo kibandani, alipokuwa bado anatambaa chini ya meza ya pasi, akameza kifungo cha shati la mteja. Baba yake akashona kingine cha rangi tofauti, akamwambia mteja ndiyo mtindo mpya. Mteja akatoka anaringa, na wiki iliyofuata akaleta mashati mengine yabadilishwe vifungo.

Mkwe wangu, mama yake Kifungo, alipata kazi ng'ambo ya kumtunza bibi mmoja mzee, akaondoka na mtoto mgongoni. Walikokwenda watu wanasema Kihispania. Kifungo akaingia shule, na Kiswahili kikaanza kumtoka kidogo kidogo, maneno marefu kwanza, halafu hata yale mafupi. Mwisho ikawa baba akimsemesha kwenye simu, mtoto anamgeukia mama yake aulize, "Amesemaje?"

Hapo mwanangu akaapa kujifunza. Simu yake ikamfundisha salamu, kuhesabu, na kuuliza kituo cha treni kiko wapi, ingawa hakuwa na safari ya treni. Basi kila Jumapili ni yaleyale: "Hola. Hujambo? Umekula? Kuna mvua?" Mtoto naye, ndiyo, ndiyo, hapana. Mkwe wangu akatuambia huku anacheka kwamba Kifungo kamuuliza, "Mama, baba anauza miavuli?"

Mwanangu akacheka naye. Simu ilipokatwa akakaa juu ya rundo la nguo chafu, kainamisha kichwa. Alikuwa anajua kubisha hodi tu. Kuingia ndani hajui.

Aliyemkwamua ni daktari wa mifugo, mteja wetu, ambaye udaktari wake aliusomea kwa lugha hiyohiyo. Wakaelewana: makoti yake yatapigwa pasi bure, naye atakaa kwenye benchi wapige soga kwa Kihispania mpaka koti la mwisho. Kitabu marufuku. Kiswahili marufuku.

"Ukikosa neno usirudi nyuma," daktari akamwambia. "Lizunguke."

Siku moja akakosa neno la zipu. Akazunguka: kile kitu cha suruali, kina meno lakini hakiumi, kinapanda na kushuka, ukikisahau wazi watu wanakucheka. Daktari akacheka hadi machozi. Lakini alielewa, na mwanangu akaona kumbe inawezekana. Tangu siku hiyo mdomo ukafunguka. Alimsimulia daktari habari za wateja, akamsimulia utoto wake, akanisengenya mimi nimekaa papo hapo. Nami nikaokota maneno mawili matatu, nikawatangazia majirani kwamba siku hizi naota kwa Kihispania, na paka wao ameanza kunielewa.

Tatizo, mwalimu alikuwa wa ng'ombe. Jumapili moja Kifungo alikuwa na jino bovu, analia kwenye simu. Mwanangu akafurahi kwamba maneno ya kubembeleza anayo tele, akayamwaga yote: "Taratibu, mnene wangu. Simama vizuri. Usinipige teke. Sindano ni moja tu, halafu unarudi malishoni."

Upande wa pili kilio kikakatika. Halafu kicheko! Mtoto alicheka mpaka simu ikamponyoka. "Baba, mimi si ng'ombe!"

Kuanzia hapo mlango ulikuwa wazi. Kila Jumapili Kifungo alimtaka baba yake aseme ya ng'ombe kwanza, ndipo amsimulie ya shule, ya rafiki aliyemnunia, ya mbwa wa jirani. Walikuwa wanaongea hadi sikio la mwanangu linakuwa jekundu. Mkwe wangu alikuwa anasikiliza kando, anacheka nao, anakohoa. Tukadhani anakohoa kwa sababu ya kucheka.

Hakikuwa kicheko, ulikuwa ugonjwa. Mkewe alipolazwa hospitali, mwanangu aliomba viza, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Mkewe akafa huko, akazikwa huko, sisi huku tumezunguka simu kama watu wanaoota moto uliozimika.

Siku ya maziko Kifungo aliomba aongee na baba yake. Akamuuliza neno moja tu: "Kwa nini hukuja?"

Mwanangu alielewa. Heri asingeelewa. Akafungua mdomo, na maneno pekee yaliyomjia ni yale ya taratibu, mnene wangu. Akayameza. Mtoto akangoja. Nilikuwa namsikia anapumua. Kisha akasema, "Sawa," akampa mama mdogo wake simu. Hakuishika tena, Jumapili zote zilizofuata.

Sasa mnaelewa ugomvi wa mchana ule ulikuwa wa nini.

"Kesho utasema nimekuonea," binti yangu akaendelea. "Lakini ukimwambia tena habari za sindano na malisho, je?"

Mwanangu alikunja mkono wa shati, akaukunjua, akaukunja.

Binti yangu akashusha sauti. "Naogopa, mdogo wangu. Mtoto ndiye huyohuyo mmoja. Ukikosea, ndiyo basi tena."

"Nikisemea kwenye mdomo wa mtu mwingine, Dada, ataona nimejificha tena."

Dada mtu akajifuta uso kwa kanga. "Naenda kuwatazama barabarani," akasema, akatoka.

Tukabaki wawili. Nikavuta kigoda. "Haya, nijaribie mimi. Nifanye mimi ndiye Kifungo. Meno tunalingana, mapengo yale yale."

Hata hakutabasamu. Alinipa mgongo, akaegemea meza ya pasi, akaanza kwa Kihispania polepole, na kila kipande akinirudishia kwa Kiswahili ili nimfuate.

"Kuna karatasi inayomruhusu mtu kufika huko. Niliiomba, wakakataa. Nikaiomba tena." Akanyunyizia shati maji, shati lililokwisha kunyooka zamani. "Swali lako nililielewa. Sikunyamaza kwa kutojali. Maneno yangu yote yalikuwa ya kuchekesha, na siku ile sikutaka kukuchekesha."

"Vizuri," nikasema. "Endelea."

"Wewe ulipoteza mama. Mimi nami siku ile nikawa..." Akakwama. "Mama, hili neno sina."

"Neno gani?"

"La mwanamume aliyefiwa na mkewe. Mgane."

"Daktari hakukufundisha?"

"Sikumuuliza. Ng'ombe aliyekufa najua anaitwaje, ndama aliyeachwa na mama yake najua. Hili kila nikitaka kuuliza, namuuliza jingine."

Nilitaka kumtania. Utani wenyewe ukanikauka mdomoni. Nikamwambia tu, "Lizunguke, baba."

Akalizunguka. Safari hii hakunirudishia kwa Kiswahili hata kidogo, lakini mikono yake niliiona. Ilichora kitanda, ikaonyesha upande mmoja, halafu upande ule mwingine, ikaupapasa. Ikamimina chai kikombe kimoja, ikamimina cha pili, ikabaki imekishika hicho cha pili hewani, haijui pa kukiweka. Sauti yake ilikuwa inazunguka, inazunguka, inakaribia, inapita pembeni, inaanza upya.

"Viudo."

Ilikuwa sauti ndogo, kutoka mlangoni, ikimpa lile neno alilolikosa. Kifungo alikuwa amesimama pale na begi mgongoni, mrefu kuliko nilivyomdhania, na nyuma yake mama mdogo wake, na shangazi yake ameziba mdomo kwa kanga. Sijui alikuwa amefika tangu lini.

Mwanangu hakugeuka. Aliisimamisha pasi wima taratibu, na mikono yake ikabaki mezani.