Mayai 114, kuku kumi na kampuni ya stima iliyotoroka

Ni Jumatano, saa moja kasorobo asubuhi, na Pauline Mwandawiro amepiga magoti sebuleni mwake mbele ya karai la kufulia. Ndani ya karai ametulia kuku mwekundu mwenye macho makali, manyoya yamemtuna, na anayemkaribia anadonolewa bila kuulizwa jina.

Pauline anapenyeza mkono chini ya kuku huyo, anatoa yai lililoandikwa herufi M kwa penseli na kuliweka sikioni. Anasikiliza. Kisha anacheka peke yake.

"Huyu anaongea," anasema. "Amka, baba, toka nje uone vile binadamu wanafanyiana."

Sebule yote imejaa kuku. Mmoja yuko ndani ya kapu, mwingine kwenye beseni la mtoto, wawili chini ya meza ya runinga. Wako kumi, na hakuna hata mmoja aliye wa Pauline. Pembeni, juu ya stuli, mashine yake ya kuangulia vifaranga imekaa kimya, waya umezungushwa juu yake. Haijafanya kazi tangu Ijumaa.

Pauline, mwenye umri wa miaka 46 na ambaye hapa Ronge, kaunti ya Taita Taveta, wengi humwita Mama Shanice, huwaangulia majirani mayai. Mtu huleta mayai yake, Pauline huyaandika herufi ya mwenyewe ili yasichanganyike, na baada ya siku 21 mwenye mayai huja na katoni kuchukua vifaranga. Hutoza Sh25 kwa kila kifaranga kinachotoka kikiwa hai. Kisipotoka, halipwi kitu.

Kazi hii aliijulia Voi, alikofanya kibarua miaka sita kwenye shamba la kuku, na mashine ni akiba ya miaka hiyo yote. Inabeba mayai 128. Haihitaji mengi, ila stima isikatike, mchana na usiku.

Stima yenyewe ilitoka kwa kampuni ndogo ya sola iitwayo Jua la Ronge. Ilisimamisha paneli juu ya mlima, ikavuta nyaya hadi nyumba 58, na watu wakawa wananunua tokeni kwa simu kwa Sh41 kila uniti. Kwa miaka mitatu mambo yalikwenda vizuri. Jumanne ya wiki iliyopita Pauline alinunua tokeni za Sh1,500 juu ya chache zilizokuwa zimebaki, za kumfikisha mwisho wa mwezi.

Ijumaa saa nane mchana, taa ya mashine ikazimika. Dakika chache baadaye simu ikalia. Ulikuwa ujumbe, tena wa Kiingereza, ukisema kampuni imefilisika, wateja wasubiri kampuni mpya iwape maelekezo.

"Wasubiri!" Pauline anapiga paja. "Yai la siku ya kumi na sita nitaliambia lisubiri? Wangeniambia Jumanne kabla sijanunua tokeni. Lakini pesa walichukua. Hapo hawakuwa wamefilisika, ama?"

Swali hilo mwandishi huyu alitaka kuwauliza wakubwa wa Jua la Ronge. Nambari zao hazipatikani. Pauline mwenyewe aliteremka hadi Voi Jumamosi, akakuta ofisi yao ina kufuli jipya na bango lao limeshang'olewa ukutani. Mlinzi wa jengo akamwambia yeye ni mtu wa thelathini na kitu kuuliza, na kwamba wale watu hata yeye hawakumlipa.

Lakini hilo ni la Jumamosi. Ijumaa jioni shida ilikuwa mayai. Siku ya kumi Pauline huyamulika kwa tochi, na safari hii alikuwa ametoa 14 yasiyo na kitu. Yalibaki 114, yote mazima, yote ya watu, na mashine ilikuwa inapoa.

Aliyepata njia ni Mumbe, jirani anayeuza mayai ya kienyeji pale Mwatate, na ambaye mayai yake 30 yalikuwa ndani ya mashine hiyo. Mumbe alikuwa na kuku aliyegoma kuacha kutamia tangu mayai yake yachukuliwe. Alikuwa amemfunga mguu, amemwagia maji baridi, amefanya kila mbinu wafugaji wanayoijua ili kuku asahau na arudi kutaga. Wapi! Kuku alikuwa anatamia jiwe.

"Nikasema, huyu si ndiye mama yao?" Mumbe anaeleza. "Mimi nahangaika kumsahaulisha, na kumbe Mungu alikuwa ananiwekea."

Neno likapita nyumba kwa nyumba. Giza lilipoingia, maana kuku anayetamia huhamishwa gizani asije akakataa kiota kipya, watu walianza kufika na kuku waliofunikwa kanga. Wakafika kumi. Tisa walipewa mayai kumi na moja kila mmoja, na yule mwekundu wa Mumbe, kwa ukubwa wake, akabeba kumi na matano. Wengi wao walikuwa wamenyang'anywa mayai zaidi ya wiki mbili kabla, na sasa wamerudishiwa, yao au ya jirani. Hawakubagua.

Jumatatu ndipo kampuni mpya ilipofika, kupitia kijana nadhifu aitwaye Maxwell, mwenye tableti na fulana iliyoandikwa jina la kampuni. Wamenunua paneli, nguzo, nyaya na mita. Tokeni za watu hawakununua. Uniti 36 za Pauline, kwa maneno ya Maxwell, "zilikuwa mkataba wenu na wale wa kwanza".

Hebu fikiria hilo. Mita ni ileile, iko ukutani palepale, na nambari ya uniti zilizolipiwa bado inaonekana kwenye kioo chake. Mali imehamia kwa wapya, na hasara ikaachiwa mama wa Ronge.

Kila nyumba ilitakiwa kuchagua mpango kabla ya Jumatano saa kumi jioni. Wa kwanza unaitwa Jioni: stima kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tano usiku, Sh30 kila siku, uwashe usiwashe. Wa pili, Nyumbani, stima saa zote kwa Sh45 kila uniti. Wa tatu, Biashara, saa zote pia, lakini uniti ni Sh96 na kuna amana ya Sh6,500. Asiyechagua anatiwa kwenye Jioni moja kwa moja, na kuhama baadaye ni Sh1,200.

Pauline akasema anataka Nyumbani. Maxwell akachungulia ndani, akaiona mashine juu ya stuli.

"Mama, hii ni biashara," akasema.

"Hii ni nyumba. Nalala hapo nyuma ya pazia."

"Sasa mama, tableti ikiuliza kama kuna mashine, mimi nitadanganya?"

Huyo kijana hakuwa na ubaya, Pauline anakiri. Katumwa. Lakini hasira ilimpanda, akaingia ndani na kutoka na daftari la shule lenye jalada la bluu. Kwa miaka mitatu, kila asubuhi na kila jioni, ameandika humo joto la mashine na nambari ya mita. Si kwa sababu ya kampuni. Mfanyakazi mmoja wa shamba lile la Voi, aliyemfundisha kazi ya kugeuza mayai kwenye mashine, alimwambia asiyeandika ataangua kwa bahati tu.

Daftari linaonyesha nyumba yake nzima, mashine na taa zake mbili, inakula uniti moja na robo kwa siku. Musyimi, mwalimu mstaafu anayeishi nyumba ya tatu, alipokusanya jumbe zake za tokeni akakuta yeye na friji yake wanakula uniti moja na nusu. Musyimi aliandikishwa Nyumbani bila swali lolote.

"Nilisikia aibu," anasema Musyimi. "Mimi napoesha maji ya kunywa kwa Sh45, huyu anatulelea kuku wetu kwa Sh96. Hesabu gani hiyo? Ningemchapa mwanafunzi."

Pauline anaifungua hesabu yenyewe. Mzunguko uliopita alitoa vifaranga mia moja, akapata Sh2,500. Kwa bei ya Biashara, stima ya siku 21 ni Sh2,520.

"Yaani nitawafanyia kazi wiki tatu, kisha niwaongeze shilingi ishirini za asante," anasema. "Miaka sita niliokota kinyesi cha kuku cha watu ili ninunue hii mashine. Leo mtu aniambie niifunike shuka?"

Jumanne jioni, nje ya kanisa, Musyimi aliwasomea watu daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Nyumba 41 kati ya 58 zikakubaliana kutotia sahihi hadi bei ifuate kile mtu anachokula na tokeni za zamani zirudishwe. Baadhi yao hawajawahi kufuga hata kifaranga.

Saa tisa na nusu alasiri ya leo, Maxwell anarudi. Anafika mlangoni na kusimama. Sebule inalia. Vifaranga wametoka themanini na tatu na wengine bado wanadonoa maganda, na yule mwekundu wa Mumbe amekuwa mkali kama askari wa lango.

"Mama, stima umetoa wapi?" anauliza.

Pauline anamwonyesha karai. Maxwell anatazama, anatabasamu bila kutaka, kisha anakumbuka kazi yake na kutoa tableti. Muda unakwisha saa kumi.

"Andika hivi," Pauline anamwambia. "Mimi ni Nyumbani, nalipa Sh45, na uniti zangu 36 ziko kwenye mita. Kama haiandikiki, usiandike."

Haiandikiki. Maxwell anapiga simu ofisini, anatoka uani, anaongea kwa muda mrefu. Anarudi na kusema mkubwa wake atalifikiria, ila kwa sasa mfumo utamweka kwenye Jioni.

Ni hapo Mumbe anapoingia na trei mpya ya mayai kichwani, na kuku mwingine kwapani. Amesikia yote. Anamnyooshea Pauline huyo kuku. "Chukua. Tutaendelea hivi hivi."

Pauline anachukua trei tu, kuku anamwacha.

"La, Mumbe. Kuku akitamia hatagi, na wewe unakula kwa kuuza mayai. Miezi miwili hivi utakuwa umekwisha. Mrudishe nyumbani. Sitaki majirani wangu wawe stima ya kampuni hii."

Anaketi, anatoa penseli kwenye nywele, na kuanza kuandika yai moja baada ya jingine: M, na tarehe ya leo. Akimaliza anaisukuma trei chini ya kitanda, sakafuni, penye baridi. Kisha anamgeukia Maxwell.

"Nyinyi mlitupa siku tatu. Yai lisiloanza kutamiwa linangoja siku saba, ya nane linaanza kuharibika. Mwambie mkubwa wako nimempa zote saba."