Damu Kwenye Majani Mabichi

Kwenye kambi za ng'ombe za Wadinka, kila rangi ya ng'ombe ina jina lake, na kijana asiyeyajua majina hayo atachekwa mpaka azeeke. Mawien aliyajua yote, ila kwa kukariri. Machoni pake nyekundu na kijani zilikuwa kitu kimoja kilichofifia. Ng'ombe aliwatambua kwa mwendo na kwa pembe, kisha akataja rangi aliyowasikia wenzake wakiitaja. Dume alilopewa ujanani alisifie kwa nyimbo, kama ilivyo desturi, lilikuwa jekundu, naye akauimba wekundu wake mpaka wasichana wakakonda kwa kumtamani. Aibu, bwana, humfunza mtu uongo kuliko mwalimu yeyote.

Kwa kitu kinachosogea hakuwa na mpinzani. Nyasi zikitikisika mbali, ni yeye wa kwanza kusema kuna swala. Ndiyo maana nyati alipomtoboa paja mdogo wake, Agoth, na wenzake wa kuwinda wakatimua mbio wakampoteza vichakani, baba yao alisema, "Nenda huku wewe mwenye macho. Sisi tunapita upande wa mto."

Mawien alizunguka mchana kutwa akitafuta kitakachotikisika. Hakikutikisika kitu.

Asubuhi walimkuta Agoth amekufa. Damu ilikuwa imechora njia juu ya majani mabichi, na nyayo za Mawien zimeikata katikati.

"Umeiruka damu ya ndugu yako!" baba akafoka. "Sema uliogopa nyati!"

"Baba, sikuiona. Nyekundu mimi siioni."

"Nyamaza! Wewe uliyetuimbia dume jekundu hadi masikio yakachoka? Mwoga mkubwa wee!"

Jina la mwoga lilimganda. Alioa nalo, akapata wajukuu nalo. Mpaka leo mvua zikiotesha nyasi huenda pale alipofia Agoth akainama, akipapasa jani moja moja na kuvinusa vidole vyake, na watoto hupita mbali.

Lakini si jina hilo linalomnyima usingizi. Jioni ile ya mazishi mama yake alikuja kukaa naye penye moshi wa samadi.

"Ulipopita pale, mwanangu, uliona nini?"

"Majani, mama. Majani tu."

Mama akamtazama sana. Yeye peke yake ndiye aliyemwamini.

"Sasa mbona hukutuambia kabla hatujakutuma?"

Mawien aliusogezea moto samadi nyingine. Mama akainuka akaenda kukamua ng'ombe, na hakumwuliza tena hadi anaingia kaburini.