Kemia Iliyookoa Ndama wa Issenye

Jua halijapanda sawasawa, na Efrazia Waitara amepiga magoti ukingoni mwa josho la kuogeshea ng'ombe, katika kijiji kimoja cha Issenye, wilayani Serengeti. Anazamisha mti wenye alama, anasoma kina cha maji, anaandika kwenye daftari. Nyuma yake ng'ombe wanasukumana zizini.

"Mvua ya jana imeongeza maji vidole vitatu," anasema. "Maji yakizidi, dawa inakuwa hafifu. Lazima nipige hesabu kabla ng'ombe wa kwanza hajarukia ndani."

Ndugu Efrazia, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni mzaliwa wa Tarime na ni mtaalamu wa mifugo. Mwaka huu wa 1980 anatimiza miaka miwili tangu ahitimu chuo kikuu. Kabla ya kwenda chuo alikuwa mhudumu wa josho kwa miaka sita.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 ndilo lililowafungulia wafanyakazi kama yeye mlango wa chuo kikuu. Tawi lake la TANU lilimpendekeza, akafaulu mtihani wa kujiunga, akaenda Morogoro.

Baiolojia haikumtisha. Alikwisha kupasua ng'ombe waliokufa, na kupe aliwajua aina kwa aina. Kemia ilikuwa habari nyingine: shule aliyosoma ilikaa miaka miwili bila mwalimu wa somo hilo.

"Jaribio la kwanza nilipata kumi na nne kwa mia," anasema. "Nilifunga sanduku langu. Nikajiuliza, nitawaambia nini watu wa tawi?"

Kilichomshinda ni moli, kipimo cha kuhesabia chembe zisizoonekana kwa macho. Mhadhiri alieleza kwamba moli ya kitu kimoja na moli ya kingine zina idadi ileile ya chembe, lakini uzito haulingani. Efrazia, ambaye mama yake aliuza khanga sokoni Tarime, akanyoosha mkono.

"Nikamwuliza, 'Mwalimu, kumbe ni kama korija? Korija ya khanga ni ishirini, korija ya majembe ni ishirini, lakini ukijitwika utaona tofauti.' Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akasema, 'Njoo mbele uwaeleze wenzako.'"

Alimaliza mwaka ule kwa alama sabini na moja.

Mtihani mgumu zaidi ulimngoja Issenye. Alipofika, ndama thelathini na saba walikuwa wamekufa kwa ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, katika msimu mmoja, ingawa waliogeshwa kila wiki. Aligundua kwamba josho lilikuwa likiongezwa kopo moja la dawa kila Jumatatu, mvua inyeshe isinyeshe. Hesabu zake zilitaka makopo manne.

Wafugaji walikataa. Mzee Kornelio, mwenye kundi kubwa kuliko wote, anakumbuka alivyomjibu: "Nilimwambia, 'Binti, hiyo ni sumu. Ng'ombe wangu wakiisha, utanilipa hilo daftari?'"

Efrazia hakubishana. Alileta mitamba wake wawili, mali yote aliyokuwa nayo, akawaogesha mbele ya kijiji kizima. Kisha akakaa nao kutwa nzima.

"Hesabu yangu niliiamini, lakini sikuthubutu kuwaacha," anakiri. "Walipoinamisha vichwa na kuanza kula majani, nililia."

Msimu uliofuata walikufa ndama wanne tu. Siku hizi Mzee Kornelio ndiye anayetangulia kwenye foleni. "Huyu ni mtoto wetu," anasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Watu wa Tarime wasije wakamdai."

Kila Jumamosi Efrazia huwafundisha kemia wahudumu watano wa majosho katika ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kwa ndoo na mizani ya kupimia pamba. Mmoja wao, Rhobi wa kijiji cha Robanda, amependekezwa na tawi lake la CCM, naye atafanya mtihani wa kujiunga na chuo kikuu mwezi Machi. Hofu ya kijiji chake ni moja: akiondoka, ng'ombe watabaki na nani?

"Nimeshazungumza na viongozi wa Robanda," anasema Efrazia, akisimama na kukung'uta matope magotini. "Rhobi akichaguliwa, josho lake nitalishika mimi. Baiskeli ninayo. Yeye aende akasome, asigeuke nyuma."